Chuo cha Lugha cha Beijing, Kikitazamwa Kutoka Ndanai

Mwaka 1961 Kenya ilikuwa bado koloni. Jomo Kenyatta aliachiliwa na Waingereza mwezi Agosti, bendera ya taifa ilikuwa haijapandishwa, na vilima vya chai vya Kericho vilikuwa mikononi mwa makampuni ya kigeni. Mwaka huo huo chuo kimoja cha Beijing kilianza kufundisha Kiswahili. China haikuwa na ubalozi Nairobi, Kampala wala Zanzibar. Haikuwa imetujengea reli wala barabara. Walianza kwa kufunza watu.

Chuo chenyewe leo kinaitwa Chuo Kikuu cha Masomo ya Kigeni cha Beijing, nao Wachina hukikatiza jina wakasema Beiwai. Naiandika historia yake nikiwa hapa Ndanai, upande wa Sotik katika kaunti ya Bomet, ambako mtu huishi kwa chai, kwa mahindi na kwa ng'ombe wa maziwa. Naamini ni vigumu kupata taasisi ya ng'ambo inayostahili kusomwa kwa makini na sisi watu wa nchi ya chai kuliko hiyo, na sababu nitaieleza huko mbele.

Beiwai kilizaliwa vitani. Mwaka 1941 majeshi ya Japani yalikuwa yameikalia sehemu kubwa ya mashariki mwa China, na Wakomunisti walikuwa wamepiga kambi Yan'an, mkoani Shaanxi, katika nyanda za udongo wa manjano ambako watu waliishi kwenye nyumba za mapango zilizochimbwa katika miteremko. Huko kulikuwa na chuo cha kijeshi na kisiasa kilichojulikana kwa kifupi kama Kangda. Mwezi Machi mwaka huo Kangda kiliunda kikosi cha wanafunzi wa Kirusi. Umoja wa Kisovieti ulikuwa jirani mwenye silaha na itikadi, na jeshi lilihitaji watu wa kuzungumza naye bila kumtegemea mkalimani wa kuazima. Mwaka 1944 Kiingereza kiliongezwa, na shule ikaitwa Shule ya Lugha za Kigeni ya Yan'an. Mwaka huo huo ujumbe wa maofisa wa Marekani ulitua Yan'an kuwatazama Wakomunisti ni watu wa namna gani. Tangu mwanzo, basi, ratiba ya masomo iliandikwa kwa kufuata jambo moja: nchi itakutana na nani kesho?

Japani iliposhindwa mwaka 1945, vita vya wenyewe kwa wenyewe viliendelea, na shule ikahamahama pamoja na jeshi. Mwaka 1948 ilikuwa katika kijiji cha Nanhaishan, mkoani Hebei, ikiwa imepewa kazi ya kuandaa watumishi wa mambo ya nje wa serikali ambayo ilikuwa haijaundwa. Hapo ndipo inapoingia habari ya Isabel na David Crook, na sitaipita haraka.

Isabel alizaliwa Chengdu, kusini magharibi mwa China, mwaka 1915, binti wa wamisionari kutoka Kanada. Alisoma Toronto akarudi China kufanya utafiti wa maisha ya vijijini. David alikuwa Mwingereza, mkomunisti, aliyekwenda kupigana Hispania dhidi ya majeshi ya Franco. Walioana London mwaka 1942. Baada ya vita walirudi China, wakakaa katika kijiji cha Shilidian wakiandika jinsi wakulima walivyogawana ardhi. Walikusudia kumaliza utafiti wao na kuondoka. Wakaombwa wafundishe Kiingereza pale Nanhaishan, mahali ambapo walimu na wanafunzi walikula chakula kimoja na vitabu vilikuwa vichache. Wakakubali, na hawakuondoka tena.

Kizazi cha kwanza cha wanadiplomasia wa China mpya waliotumia Kiingereza kilipita mikononi mwa watu wa aina hiyo. Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza mwaka 1966, uaminifu wao haukuwaokoa. David alikamatwa mwaka 1967 akishukiwa kuwa jasusi, akafungwa gerezani kwa miaka zaidi ya mitano. Isabel alizuiliwa ndani ya chuo alichokuwa akifundisha. David alipotoka mwaka 1973, wote wawili walirudi darasani. Isabel alistaafu mwaka 1981 na akaendelea kuishi katika nyumba za chuo. Septemba 2019 serikali ya China ilimpa Nishani ya Urafiki, ambayo ndiyo heshima ya juu kabisa inayopewa mgeni nchini humo. Alifariki Agosti 2023 akiwa na umri wa miaka 107. Katika kumbukumbu za taasisi nyingi, majina yanayochongwa kwenye mawe ni ya wakuu waliokata utepe. Mimi ningemweka mwalimu huyu mbele yao wote.

Chuo kiliingia Beijing mwaka 1949 pamoja na serikali mpya, mwaka 1954 kikapewa jina la Taasisi ya Lugha za Kigeni ya Beijing, na mwaka 1959 kikaunganishwa na Taasisi ya Kirusi ya mji huo huo. Kwa miongo mitatu ya kwanza mjini humo kilikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje. Wizara ya Elimu ilikichukua mwaka 1980, na jina la sasa lilikuja mwaka 1994. Kuwa chini ya mabalozi kwa muda mrefu namna hiyo kulikipa tabia yake. Chuo chenyewe huhesabu mabalozi zaidi ya 400 miongoni mwa waliohitimu kwake, na Wachina hukiita kitovu cha wanadiplomasia.

Mapinduzi ya Utamaduni yalikiumiza chuo hicho kama yalivyoumiza vyuo vingine. Masomo yalisimama, walimu wakadhalilishwa hadharani, na wengi wakapelekwa mashambani kulima. Mtu akisoma historia za sherehe za taasisi hiyo, miaka hiyo hupewa mistari michache tu. Inastahili zaidi, maana inaonyesha jinsi chuo kilichofungamana mno na dola kinavyokosa pa kujificha dola inapopatwa na homa. Kilipopona, kilipona kwa kishindo. Mwaka 1979, baada ya China kufungua milango, Umoja wa Mataifa ulianzisha hapo mafunzo ya wakalimani na watafsiri wake wa Kichina, mafunzo yaliyoendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1994 yaligeuzwa kuwa shule ya uzamili ya ukalimani na tafsiri. Mwaka huo huo wa 1979 chuo kilianzisha shirika lake la uchapishaji, ambalo limekuwa mojawapo ya wachapishaji wakubwa wa vitabu vya lugha nchini China.

Sasa Kiswahili.

Mwaka 1960 mataifa 17 ya Afrika yalipata uhuru. Beijing ilikuwa inagombana na Marekani, ilikuwa imeanza kukosana na Moscow, na kiti cha China katika Umoja wa Mataifa kilikuwa bado kimekaliwa na serikali ya Taiwan. Kila taifa jipya lilikuwa rafiki anayewezekana na kura inayowezekana. Taasisi ya Utangazaji ya Beijing, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Mawasiliano cha China, ilianza kufundisha Kiswahili mwaka 1960. Beiwai kilifuata mwaka 1961, pamoja na lugha za Asia ambazo vyuo vya Ulaya viliziona ni za wataalamu wachache tu. Tarehe 1 Septemba 1961 Radio Peking ilianza matangazo yake ya Kiswahili. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba mwaka huo, China ilitangaza uhusiano wa kibalozi nayo siku hiyo hiyo. Uganda ilifuata mwaka 1962, Zanzibar na Kenya Desemba 1963.

Ukizipanga tarehe hizo unaona mpango. Kwanza walimu na redio, kisha balozi, kisha viongozi kutembeleana, kisha kazi kubwa. Mwalimu Nyerere alikwenda China mara ya kwanza Februari 1965. Mkataba wa reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ulitiwa saini mwaka 1967, ujenzi ukaanza 1970, na reli hiyo yenye urefu wa kilomita 1,860 ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Maelfu ya Wachina na Watanzania walifanya kazi bega kwa bega porini, na wengi wa mafundi hao hawakujua Kiingereza, wala hawakuwa na sababu ya kukijua. Kati ya nyundo na reli alisimama mkalimani aliyejifunza ngeli za Kiswahili katika darasa la Beijing.

Na Kenya? Uhusiano wetu na China ulichafuka upesi. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ya Nairobi iliishuku Beijing kwamba inaingiza mkono katika mivutano yetu ya ndani, mwaka 1967 mwakilishi wake akatimuliwa, na mambo hayakurudi kuwa ya kawaida ila miaka ya mwisho ya 1970. Rais Moi alizuru China mwaka 1980. Lakini somo la Kiswahili halikufutwa kwa sababu ya ugomvi wa serikali mbili. Hilo ndilo linalonifanya nikiheshimu chuo hicho. Wakulima wetu wanalijua jambo hili shambani: mche wa chai unaulea miaka kama mitatu kabla ya kuuchuma vizuri, lakini ukishakomaa unawalisha watoto na wajukuu, na hakuna mwenye akili anayeung'oa kwa sababu bei ya bonasi imeshuka mwaka mmoja.

Namna wanavyofundisha inafaa kuelezwa, kwa kuwa ndiyo kiini cha kazi yenyewe. Kijana wa miaka 18 anaingia bila kujua neno hata moja la Kiswahili. Darasa ni dogo, na kwa lugha kama zetu chuo hakikuchukua wanafunzi kila mwaka. Kundi moja liliingia, likasoma miaka minne, na kundi jingine likaja baada ya muda, kulingana na nafasi zilizokuwapo za kazi. Mwaka wa kwanza huishia katika matamshi na sarufi, na mwanafunzi anarudia upatanisho wa kisarufi mpaka unamtoka kinywani bila kufikiri. Anasoma Kiingereza sambamba, kwa kiwango cha juu. Baadaye huja fasihi, tafsiri, historia na siasa za Afrika Mashariki. Wengi hupelekwa Tanzania kwa sehemu ya masomo yao, ili waishi na lugha sokoni na nyumbani. Waliohitimu wameingia Wizara ya Mambo ya Nje, shirika la habari la Xinhua, redio ya taifa, na tangu miaka ya 2000, makampuni ya ujenzi na biashara.

Mwaka 2019 Beiwai kilianzisha Shule ya Masomo ya Afrika iliyojitegemea. Kihausa kilikuwapo tangu 1964, na leo kuna Kizulu, Kiamhari, Kisomali, Kimalagasi na lugha nyingine za bara hili. Kwa jumla chuo kina kibali cha kufundisha lugha 101. Kasoro ipo, na ni vyema kuisema. Kwa miaka mingi lengo lilikuwa kutoa mkalimani wa serikali, mtu wa kufikisha maneno ya wengine. Mtafiti anayeijua jamii ya Waswahili au ya Wakalenjin kwa undani, anayeweza kuandika kitabu kinachobishana na serikali yake mwenyewe, hakuwa ndiye aliyetafutwa. Shule mpya imekuja kuziba sehemu ya pengo hilo, na kwa maoni yangu imechelewa.

Matunda ya kazi hiyo yamefika kwetu kwa njia nyingi. Januari 2006 Redio China Kimataifa ilifungua Nairobi kituo cha FM 91.9, kituo chake cha kwanza cha aina hiyo nje ya China, kikiwa na vipindi vya Kiswahili. Mwaka 2011 Televisheni ya Taifa ya Tanzania ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake, ikizungumzwa Kiswahili na watu wakaifuata kila jioni. Mei 2017 treni ya kwanza ya abiria ya reli mpya iliyojengwa na Wachina iliondoka Mombasa kwenda Nairobi, na Oktoba 2019 reli ikafika Suswa. Mpango wa awamu inayofuata unapita Narok na Bomet kuelekea Kisumu. Siku mafundi watakapokuja kupima ardhi ya watu huku kwetu, msimamizi wao anaweza kuwa na mkalimani aliyesoma Kiswahili chetu miaka minne. Je, mzee mwenye shamba atakuwa na nani upande wake anayeweza kusoma mkataba wa Kichina?

Kwa haki, Kenya haikukaa bure. Desemba 2005 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua Taasisi ya Confucius, ya kwanza barani Afrika, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Ualimu cha Tianjin. Ilianza na madarasa ya msingi ya Kichina na utamaduni wake, ikawa kituo cha mitihani, na kupitia kwake vijana wengi Wakenya wamepata ufadhili wa kwenda kusoma China. Chuo Kikuu cha Kenyatta kilifuata. Chuo Kikuu cha Moi kiliungana na Donghua, chuo chenye jina katika nguo na vitambaa. Iliyo karibu zaidi nasi ni ya Egerton, kule Njoro, ambayo mshirika wake ni Chuo Kikuu cha Kilimo cha Nanjing.

Hiyo ya Egerton naiona ndiyo yenye wazo zuri kuliko zote. Egerton ilianza mwaka 1939 kama shule ya ukulima ya masetla, katika ardhi iliyotolewa na Lord Egerton, na ikawa chuo kikuu kamili mwaka 1987. Uhusiano wake na Nanjing ulianza miaka ya 1990, kwa sayansi ya mimea na bustani. Taasisi ya Confucius ilipokuja ilikuta urafiki wa wanasayansi umekwisha kujengeka, ikaifunga lugha kwenye kilimo. Mwanafunzi kutoka Sotik anayejifunza Kichina hapo anaweza kukitumia katika maabara na shambani. Hivyo ndivyo lugha inavyopata mizizi katika nchi ya wakulima.

Hata hivyo kuna udhaifu mkubwa. Walimu wengi wa taasisi hizi hutumwa na China, vitabu hutoka China, na sehemu kubwa ya fedha hutoka huko. Tumeona kwingineko mambo yanavyogeuka: Chuo Kikuu cha Stockholm kilifunga taasisi yake mwaka 2015, na Chuo Kikuu cha Chicago kilikuwa kimeshaachana na ya kwake mwaka mmoja kabla. Kule kulikuwa na hoja za uhuru wa kitaaluma, na ni hoja za kweli. Hofu yangu kwa Kenya ni ya aina nyingine. Somo linalolipiwa na mwingine linaweza kuondoka naye. Mtaala wa Kichina kwa shule za msingi ulitangazwa mwaka 2019, uanze darasa la nne. Nani amemfunza mwalimu Mkenya wa kuufundisha, kwa idadi ya kutosha, na kwa mshahara wa serikali ya Kenya? Beiwai hakikungoja serikali ya Tanganyika ikilipie walimu wa Kiswahili.

Nirudi kwenye chai, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya niandike. Kenya inaongoza duniani kwa kuuza nje chai nyeusi. Majani yanayochumwa na akina mama wa Kericho, Konoin na Sotik hupita viwandani, hupelekwa Mombasa, na kwenye mnada huko huuzwa kwa dola. Mnunuzi wetu mkubwa ni Pakistan. Misri imo karibu naye. China, inayozalisha chai nyingi kuliko nchi yoyote, hununua kwetu kidogo tu. Basi ukiuliza mkulima wa Ndanai anahitaji lugha gani, jibu haliishii kwenye Kichina. Anahitaji Kiurdu na Kiarabu. Mpakistani anataka chai kali ya kuchemshwa na maziwa. Mmisri wa kawaida anataka unga mwembamba wa kumiminiwa maji ya moto kwenye glasi. Sheria za forodha za nchi hizo, malalamiko ya wateja wao, magazeti ya biashara yanayotabiri bei, vyote huandikwa pia kwa lugha zao. Sisi tunayajua hayo kupitia madalali, na kila dalali hula chake. Chai yetu nyingi inaondoka bandarini kwa magunia, ikachanganywe na kupakiwa kwa jina la mtu mwingine.

Beijing, ambayo riziki yake haitegemei Pakistan, imefundisha Kiurdu katika Chuo Kikuu cha Peking tangu miaka ya 1950, na Beiwai nacho kinakifundisha. Sisi ambao mnunuzi wetu mkubwa yuko Karachi, vijana wetu wangapi wanajua kumwandikia barua ya biashara kwa lugha yake?

Hapa ndipo ninapokuja kwa viongozi wetu. Chuo Kikuu cha Kabianga kimekaa katikati ya mashamba ya chai, na kilipata hati yake mwaka 2013. Chuo cha Bomet kiko jirani. Kaunti mbili, Kericho na Bomet, zina wakulima ambao maisha yao hutegemea wateja wa nje kila wiki mnada unapofanyika. Hawahitaji lugha 101. Wanahitaji tatu: Kichina, Kiurdu na Kiarabu. Wachukue wanafunzi 12 kwa kila lugha, wawafundishe miaka minne pamoja na biashara ya chai, mmoja kati ya miaka hiyo wakauishi Lahore, Cairo au Hangzhou. Walimu waajiriwe na chuo chenyewe, hata kama wa kwanza watakuwa wageni. Wasipokee wanafunzi wapya kila mwaka ikiwa fedha ni chache, lakini wasifunge somo kwa sababu waziri amebadilika au bei imeshuka. Viwanda vya chai vilivyo mali ya wakulima vichangie kidogo kutoka kila kilo na kuwaajiri wanaohitimu.

Nawaomba wakurugenzi wa viwanda vya Bomet na Kericho walipeleke jambo hili kwenye mkutano mkuu ujao wa wanahisa, na nawaomba wanahisa, mama na baba wenye vitabu vya chai mikononi, walidai.